Vyumba Hungoja, Wazee Hawangoji

Katika kila ukoo wetu uliotawanyika ipo safari iliyozungumzwa miaka mingi na haijafanywa hata mara moja. Ni safari ya kwenda Oman kuwatazama jamaa kwa gari: kuanzia Maskati, kupita Nizwa na Bahla, kushuka Ibra na Mudhairib, na kumalizia Sur, pale baharini ambapo majahazi ya mababu zetu yalitweka matanga. Kila Idi huibuka upya katika makundi yetu ya simu. Mmoja hutuma bei za tiketi, wa pili huuliza hoteli ina nyota ngapi, wa tatu husema tungoje shule zifungwe, na wa nne hutaka kila usiku wa siku kumi uwe umeshalipiwa kabla mtu hajaomba ruhusa kazini. Kisha mazungumzo hupoa, mwaka hugeuka, na safari hurudi kabatini pamoja na pasipoti.

Natoa rai ambayo huenda isiwapendeze wapangaji wetu hodari. Safari hii haihitaji kupangwa usiku kwa usiku. Anayekwenda Oman kuwatafuta watu wake na akodi gari, aweke malazi ya siku mbili za mwanzo, na siku zilizobaki aziache wazi. Akipata nafasi leo ya kuondoka wiki ijayo, aende. Sisemi hivi kwa kupenda ovyo ovyo. Nasema kwa sababu safari ya namna hii huharibika inapofungwa mapema, na kwa sababu wale tunaokwenda kuwaona hawana muda wa kutungoja.

Tuwatazame kwanza wazee wetu wenyewe, maana walikuwa wasafiri kutushinda. Aliyetoka Sur kwenda Unguja alingoja kaskazi, na aliyerudi alingoja kusi. Siku ya kuondoka ilijulikana upepo ulipokubali, na siku ya kufika aliijua Mungu. Lakini hawakusafiri bila mpango. Walijua majira, walijua nahodha wa kumtegemea, na walijua jina la mtu ambaye watafikia nyumbani kwake. Walichopanga kilikuwa watu na majira. Walichokiacha wazi kilikuwa siku. Sisi tumegeuza mambo. Tunajua saa ya kuingia hotelini na saa ya kutoka, ila jina la mzee wa kumfikia hatulijui.

Historia imetugawa vya kutosha. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na familia nyingi zikawa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Mapinduzi ya Januari 1964 yakazitawanya, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 wengi waliitikia mwito wa kurudi Oman. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja leo wako Maskati, Unguja, London na Toronto. Watoto wao huonana kwenye skrini, na wajukuu wao hawajui waanzie wapi kusalimiana.

Naijua familia moja iliyotengeneza jedwali zuri la safari ya Oman. Lilikuwa na siku, hoteli, bei, na safu ya kuandika nani amekwishalipa. Mwaka wa kwanza lilikwama kwa tarehe. Mwaka wa pili lilikwama kwa hoteli, kwa kuwa nusu ya jamaa waliiona ghali na nusu waliiona duni. Mwaka wa tatu ikaja simu ya alfajiri kwamba bibi waliyekuwa wakimwendea, dada wa mwisho wa babu yao, amefariki. Watu sita wakakata tiketi usiku ule ule. Wakakodi gari uwanjani, wakalala walipopata, wakafika Ibra siku ya mwisho ya tanzia. Hakuna aliyeuliza hoteli ina nyota ngapi.

Kisa hiki si cha familia moja. Takriban sote tunajua kusafiri ghafla, ila tumejiruhusu kufanya hivyo kwa ajili ya kifo tu. Bosi wa kazi tunamwambia kuna msiba naye anaelewa. Fedha zinapatikana. Watoto wanapata mtu wa kuwaangalia. Ikiwa yote haya yanawezekana kwa ajili ya mtu ambaye hatutausikia tena usemi wake, kwa nini yasiwezekane akiwa bado ameketi na kikombe chake cha kahawa, anakumbuka, na anaweza kusimulia? Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili huumiza hata waliozaliwa baada ya waliongoja.

Ipo sababu ya pili ya kuziacha siku wazi: safari ya nasaba hupangwa na wenyeji, haipangwi na msafiri. Ukifika Maskati na kumtembelea ami wa mama yako, jioni hiyo hiyo atakuambia kwamba anayejua habari za babu yako yuko Mudhairib. Ukifika Mudhairib utaketishwa sabla, ukumbi wa wanaume wa mji, ambao kwa kazi yake ni kama baraza zetu za pwani. Hapo mzee mmoja atasema kwamba barua za zamani amezihifadhi binti wa fulani aliyeolewa Sur, na kwamba kesho asubuhi atampigia simu. Mwenye usiku wake mkononi atasema inshallah, kesho niko Sur. Mwenye jedwali atatazama saa yake, kwa sababu chumba chake cha usiku huo kiko Nizwa na kimeshalipiwa bila kurudishiwa fedha. Ataahidi kurudi. Watu wengi wanaoahidi kurudi hurudi kwa tanzia.

Tena habari za ukoo hazitoki zote siku ya kwanza. Siku ya kwanza utapewa mti wa wanaume: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kwenye kabila. Ni mti mzuri, nao una haki yake. Lakini ukibaki siku ya pili, na wanawake wa msafara wako wakaketi ndani na wanawake wa nyumba ile, ndipo yatakapotajwa majina ambayo mti haukuyaandika: bibi aliyetoka Tabora, bibi aliyeletwa kutoka Manyema bila ya hiari yake, suria aliyezaa babu zetu na jina lake la kwao likapotea. Nusu ya damu yetu iko katika majina hayo. Hakuna anayeyatoa kwa mgeni aliyekuja kwa nusu saa na gari lake linanguruma mlangoni. Hutoka usiku, baada ya chakula, mtu alipokwisha kukuona ukilala na kuamka. Usiku huo huwezi kuuweka kwenye jedwali, unaweza tu kuuachia nafasi.

Na ipo sababu ya tatu, nayo ni lugha. Katika nyumba nyingi za Oman wazee waliokulia Afrika bado wanasema Kiswahili cha pale walipotoka. Huyu ana Kiunguja safi, yule anasema cha Tabora, na mwingine ameleta kile cha Bujumbura au cha Kongo. Watoto wao wengi wanakielewa. Wajukuu wao wengi wana Kiarabu cha nyumbani na Kiingereza cha shule. Sisi wa Uingereza na Marekani wengi wetu tuna Kiswahili cha jikoni na Kiarabu cha kusalia. Kwa hiyo wazee hawa ndio daraja letu lililobaki. Siku watakapoondoka, mtoto wa London na mtoto wa Ibra, wajukuu wa mtu mmoja, watajuana kwa Kiingereza kama abiria waliokutana uwanja wa ndege. Tunapoahirisha safari mwaka mmoja ili tupate chumba kizuri zaidi, hicho ndicho tunachokiuza.

Sasa tutazame kama jambo lenyewe lawezekana, maana rai isiyo na njia ni maneno matupu. Oman ni miongoni mwa nchi rahisi za kusafiri kwa gari bila kuweka nafasi kila usiku. Barabara kuu ni nzuri na vituo vya petroli ni vingi. Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kiasi cha kilomita 160. Kwenda Sur kwa njia ya pwani ni kilomita 200 hivi. Ibra ni mwendo wa saa mbili au chini kidogo. Maana yake ni kwamba ukikosa chumba huku, kitanda cha Maskati hakiko mbali, na hofu ya kulala njiani ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Salalah peke yake ni safari nyingine: ni kilomita 1,000 hivi kutoka Maskati, sehemu kubwa ikiwa jangwa, na haifai kuamuliwa baada ya chakula cha mchana.

Raia wa nchi zaidi ya 100, zikiwemo Uingereza, Marekani na Kanada, wameruhusiwa kuingia kwa siku 14 bila viza, lakini ruhusa hiyo ina masharti: pasipoti yenye miezi sita mbele yake, tiketi ya kurudi, bima ya afya na uthibitisho wa malazi. Kila mtu ayasome masharti yalivyo siku anayokata tiketi. Hapo ndipo zinapoingia siku zangu mbili za mwanzo. Ziwekwe Maskati, zithibitishwe, ziwe za kupumzika na kupiga simu. Gari nalo liwekwe kabla ya kuondoka, na dereva ahakikishe ana kadi ya benki yenye jina lake kwa ajili ya amana, kwa kuwa kadi ya mke au ya kaka mara nyingi haikubaliwi. Aliyezoea kuendesha Uingereza, Kenya au Tanzania akumbuke kwamba Oman gari hupita kulia. Gari dogo latosha kwa miji yote niliyoitaja. Anayetaka kupanda Jabal Akhdar ndiye anayehitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, kwani kituo cha polisi chini ya mlima hakiruhusu gari jingine kupita.

Kitu ambacho hakisameheki kwenda bila nacho si chumba, bali ni majina. Katika nchi tulizohamia majina yetu yalikatwa. Afisa aliandika jina la mtu na la babu yake, kabila likaachwa, na mtoto wa leo anajitambulisha kwa jina ambalo katika mji wa asili linaweza kuwa la watu elfu. Kabla ya kukata tiketi, kaa na mkubwa wa familia uandike jina la babu mpaka mababu wanne, kabila, na mji wa asili, ule ambao jamaa wa Oman huuita bilad. Andika na majina ya mabibi. Chukua picha za zamani, na uzigeuze nyuma, maana mara nyingi nyuma ndiko kulikoandikwa mwaka, studio na mtaa. Chukua nakala za barua na za pasipoti za zamani, ukiache kilicho asili nyumbani. Karatasi moja ya namna hiyo itakufungulia milango ambayo hoteli ya nyota tano haina ufunguo wake.

Nisieleweke vibaya hapa. Kutoweka nafasi hotelini si ruhusa ya kuwaangukia watu. Wapo vijana wetu wanaodhani ukarimu wa jamaa ni hoteli isiyo na malipo, wakafika saa nne za usiku watu watano na mizigo. Hiyo si sila ya rehema, ni usumbufu. Piga simu asubuhi kabla ya kwenda, useme mtakuwa wangapi. Uwe na fedha ya chumba mfukoni na ukusudio wa kukilipia. Wakikushikilia ulale, hapo ni heshima yao na yako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: msemo huu ni wa kwetu, na unamhusu mgeni kabla ya mwenyeji. Kahawa na tende zije kabla ya maswali. Omba idhini kabla ya kurekodi sauti au kupiga picha. Usitaje mashamba wala mirathi, hata kama ndiyo yaliyokuamsha usiku, kwa sababu mara tu yakitajwa kila mlango hujifunga na wazee husahau kila kitu.

Wanaopinga rai hii wana hoja, nami sizidharau. Anayesafiri na mtoto mchanga au na mama wa miaka 80 mwenye dawa za kuwekwa barafuni hawezi kutafuta chumba saa mbili za usiku. Huyo aweke nafasi, na akubali kukaa mji mmoja siku nyingi badala ya miji mingi siku chache. Maana ninachotetea ni nafasi ya kubaki, na nafasi hiyo hata yeye anaweza kuipata. Mwanamke anayesafiri peke yake ana haki ya kujua usiku wake kabla ya jua kuchwa. Na binamu yetu mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya hana uhuru wa kuondoka Jumanne kwa kuwa ameota Jumatatu. Yeye ayatazame kwanza masharti ya viza, na sisi wenye pasipoti nyepesi, tukitaka kwenda naye, tufuate mwendo wake. Uhuru wa kusafiri ghafla haukugawanywa sawa, hata ndani ya ukoo mmoja.

Majira nayo yana sheria zake. Joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na si la kumzungusha mgeni wa Birmingham. Miezi ya Novemba hadi Machi ndiyo ya raha. Salalah katika khareef, kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba, hujaa wageni kutoka Ghuba nzima, na huko kwenda bila chumba ni kujitakia. Idi ina fumbo lake: hoteli hujaa na barabara za kutoka Maskati husongamana, lakini ndizo siku ambazo familia hurudi kwenye bilad zao na ukoo mzima hukaa mahali pamoja. Anayechagua Idi aweke nafasi mapema, na asilalamikie bei, kwa kuwa siku nne hizo zitampa watu ambao angewatafuta mwezi mzima.

Na lipo jambo moja ambalo halikubali pupa kabisa, nalo ni mvua. Makorongo makavu yaitwayo wadi hugeuka mito kwa dakika chache, hata kama mvua imenyesha milimani na wewe uko juani. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu, wakiwemo watoto wa shule, huko Sharqiyah Kaskazini, mkoa ule ule wa Ibra na Mudhairib. Kuvuka wadi linalotiririka ni hatari, tena sheria hailiruhusu. Mwenye usiku wazi anaweza kungoja maji yapungue. Mwenye chumba kilicholipiwa ng'ambo ya pili ndiye anayeshawishika kuvuka.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa na Mombasa katika karne ya 14, alituachia funzo katika njia hii hii. Akiwa pwani ya Sur aliuona mji wa Qalhat akadhani uko karibu, akaamua kwenda kwa miguu na kiongozi aliyemwajiri pale pale. Kiongozi akawa na nia ya kumwibia, njia ikawa ndefu, kiu ikawazidi, na akafika miguu imevimba hata hawezi kusimama. Aliyemwokoa ni mkubwa wa mji, aliyemkaribisha akakaa naye siku sita. Leo njia ile ni kilomita 20 na ushei, na gari huimaliza kabla hujamaliza mazungumzo. Bado yanasimama mambo mawili ya kisa hicho: pima njia na umjue anayekuongoza kabla hujaondoka, kisha uwe tayari kukaa siku sita mahali ambapo hukukusudia kukaa.

Kwa hiyo nawaomba wapangaji wa kila ukoo wapunguze kazi yao. Chagueni wiki moja kati ya Novemba na Machi. Wawili au watatu walio tayari wakate tiketi, wasingoje ishirini wakubaliane. Wekeni gari na siku mbili za Maskati. Andikeni majina. Kisha, kabla ya kufungua tena ukurasa wa bei za hoteli, mpigieni simu yule mkubwa wa mwisho mwenye habari, mumwambie mko njiani. Akiuliza mtafika lini na mtakaa siku ngapi, mwambieni atakavyo yeye.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na umri, na atujaalie tuwakute wakiwa baraza.